Bunduki za Nuru Baada ya Televisheni ya Chogo

Bunduki ya nuru, yaani kifaa chenye umbo la bastola au bunduki ambacho mchezaji wa michezo ya mashine hukielekeza kwenye kioo na kukifyatua bila risasi yoyote kutoka, ni miongoni mwa zana chache za burudani ya karne ya 20 ambazo uhai wake ulifungamana na aina moja tu ya kioo. Tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa karne hii kioo hicho kilikuwa bomba la miale ya kathodi, lile bomba zito la glasi lenye mgongo uliochomoza nyuma, ambalo kwa ajili yake watu wa Tanzania huziita televisheni hizo TV za chogo. Bomba hilo lilipoacha kutengenezwa kwa wingi, mashine nyingi za kulenga shabaha zilibaki na bunduki nzima, zenye nyaya na lenzi zisizo na kasoro, ambazo hata hivyo hazikuweza tena kupiga kitu. Jitihada za kuzifanya zione kwenye vioo bapa vya leo zina historia yake, na historia hiyo haieleweki mpaka ifahamike kwanza bunduki hizo zilikuwa zikiona nini.

Mwanzo wake haukuwa na televisheni hata kidogo. Mwaka 1936 kampuni ya Seeburg ya Chicago, iliyojulikana zaidi kwa mashine za kupiga santuri kwa sarafu, ilitoa mchezo ulioitwa Ray-O-Lite, ambamo bunduki ilirusha mwali mfupi wa mwanga kuelekea bata wa bandia aliyekuwa akipita, na ndani ya bata huyo mlikuwa na seli ya nuru, yaani kifaa kinachopitisha umeme pale tu kinapoangaziwa. Mwali ukiifikia seli, shabaha ilihesabiwa kuwa imepigwa. Katika mpangilio huo bunduki ndiyo iliyotoa nuru na shabaha ndiyo iliyoiona, na kanuni hiyo hiyo ilitumika Japani mwaka 1970, wakati Gunpei Yokoi wa Nintendo, akishirikiana na Masayuki Uemura aliyekuwa akiuza seli za jua za kampuni ya Sharp, alipotengeneza bunduki za kuchezea ambazo mwanga wake uligonga seli iliyofichwa ndani ya shabaha. Mwaka 1973 Nintendo ilipanua wazo hilo na kugeuza kumbi za bowling zilizoachwa kuwa viwanja vya kulenga shabaha kwa nuru, biashara ambayo ilivurugwa na msukosuko wa mafuta wa mwaka huo huo na kuiachia kampuni madeni makubwa.

Mageuzi yaliyozaa bunduki ya nuru ya televisheni yalikwisha kutokea kabla ya hapo, tena mahali pasipo na mchezo. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, wahandisi wa chuo cha MIT nchini Marekani waliokuwa wakiitengeneza kompyuta ya Whirlwind, na baadaye wale wa mfumo wa ulinzi wa anga ulioitwa SAGE, walihitaji njia ya haraka ya kumwezesha askari kuionyesha kompyuta nukta moja kati ya nyingi zilizoonekana kwenye kioo cha rada. Walimpa kifaa chenye umbo la bastola kilichokuwa na jicho la nuru mdomoni mwake. Kompyuta ilichora nukta zake moja baada ya nyingine, kwa kasi ambayo macho ya binadamu hayawezi kuitenganisha, na jicho lile lilituma ishara pale tu nukta iliyokuwa mbele yake ilipomulika. Kompyuta haikuwa na haja ya kujua bastola imeelekea wapi. Ilitosha ijue ni wakati gani bastola imeona nuru, kwa kuwa yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ya nukta iliyokuwa ikiichora wakati huo. Kwa namna hiyo mkondo wa nuru ulipinduliwa, ukawa unatoka kwenye shabaha kuja kwenye bunduki, na swali la mahali likajibiwa kwa kipimo cha wakati. Ugunduzi huu ndio uti wa mgongo wa yote yaliyofuata, na ndio pia uliokuja kuziponza bunduki hizo nusu karne baadaye.

Ralph Baer na wenzake katika kampuni ya Sanders Associates, huko New Hampshire, walikuwa wakijaribu bunduki ya aina hii na televisheni ya nyumbani kufikia mwaka 1967, na mwaka 1972 mashine iliyotokana na kazi yao, Magnavox Odyssey, ilitoka ikiwa na bunduki iliyouzwa kama nyongeza. Bunduki hiyo ilikuwa na upungufu mmoja uliowashughulisha sana wabunifu waliofuata, kwamba ilitambua nuru yoyote kali iliyo mbele yake, hata mtoto akiielekeza kwenye taa ya mezani alihesabiwa kuwa amepiga shabaha. Katika kumbi za michezo ya sarafu, Atari ilitoa mchezo wa kuwinda bata ulioitwa Qwak! mwaka 1974, na kufikia miaka ya 1980 bunduki ya nuru ilikuwa bidhaa ya kawaida ukumbini na nyumbani pia.

Mchezo uliowafikia watu wengi zaidi ni Duck Hunt wa Nintendo, uliotolewa Japani mwaka 1984 na kufika Marekani mwaka uliofuata pamoja na bunduki iliyoitwa Zapper. Namna ulivyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa utulivu. Mchezaji alipobonyeza kifyatulio, kioo kizima kiligeuka cheusi kwa muda wa picha moja, na muda wa picha moja nchini Marekani na Japani ni takriban sehemu moja ya 60 ya sekunde. Mara baada ya weusi huo, pale alipokuwa bata pakachorwa mraba mweupe, na kama bata walikuwa wawili, mraba wa pili ulichorwa katika picha iliyofuata. Bunduki iliyoona weusi na kisha weupe ilikuwa imeelekezwa kwa bata. Ile iliyoona weusi mfululizo ilikuwa imekosa. Na ile iliyoona weupe wakati kioo kilipopaswa kuwa cheusi ilikuwa imeelekezwa kwenye taa, hivyo ikakataliwa. Zaidi ya hayo, ndani ya Zapper mlikuwa na kichujio, yaani saketi inayopitisha mapigo ya kasi fulani na kuzuia mengine, kilichopangwa karibu na mapigo 15,000 kwa sekunde. Kasi hiyo ndiyo inayokaribia kasi ambayo mwali wa elektroni hufagia mistari ya televisheni, na kwa sababu hiyo mwanga wa jua au wa balbu, usiokuwa na mapigo ya namna hiyo, haukuweza kuidanganya bunduki.

Njia ya Duck Hunt iliweza kujibu ndiyo au hapana tu, na hilo halikuzitosha kumbi za miaka ya 1990, ambamo michezo kama Lethal Enforcers wa Konami wa mwaka 1992, Virtua Cop wa Sega wa mwaka 1994 na Time Crisis wa Namco wa mwaka 1995 ilitaka kujua kila risasi imeangukia wapi hasa, hata pale palipokuwa na ukuta mtupu. Suluhisho lilikuwa kurudi kwenye hesabu ya SAGE kwa ukamilifu wake. Ndani ya televisheni ya chogo, mwali wa elektroni huanza pembe ya juu kushoto, hufagia mstari mmoja kwenda kulia, hurudi na kuanza mstari wa chini yake, na popote unapopita, dutu inayong'aa iliyopakwa ndani ya kioo humulika kisha kufifia upesi. Picha inayoonekana kwa binadamu kuwa imetulia kwa kweli ni nukta moja yenye mng'ao inayokimbia. Katika mfumo wa NTSC uliotumika Marekani na Japani, mistari hiyo ni 15,734 kwa sekunde, na kila mmoja huchukua takriban maikrosekunde 63.5, maikrosekunde ikiwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Bodi ya mchezo ilihesabu mistari na kupima muda tangu kila mstari uanze, na jicho la bunduki lilipoona nukta ikipita, hesabu ilisimamishwa na kusomwa: idadi ya mistari ikatoa kimo, na muda ndani ya mstari ukatoa upande. Kwa kuwa sehemu inayoonekana ya mstari huchukua takriban maikrosekunde 52, kosa la maikrosekunde moja kwenye kioo chenye upana wa sentimita 40 lilisogeza risasi karibu milimita 8. Wabunifu waliofanikisha usahihi huo kwa saketi za bei ya kawaida, katika mashine zilizogongwa na kuburutwa na umati kutwa nzima, wanastahili sifa kubwa kuliko wanayopewa.

Ni kwa sababu hiyo bunduki ya PlayStation iliyotengenezwa na Namco na kuuzwa pamoja na Time Crisis mwaka 1997 ilikuwa na waya wa ziada uliounganishwa na waya wa picha wa televisheni. Kupitia waya huo ilipokea ishara ya ulandanishi, yaani mapigo yanayoiambia televisheni lini ianze mstari mpya na lini ianze picha mpya, na ikafanya hesabu yake yenyewe. Katika kumbi, vioo vyenyewe havikuwa vya aina moja: vile vya kawaida vilifagia mistari takriban 15,000 kwa sekunde, ilhali bodi za Sega za aina ya Model 2, zilizoendesha Virtua Cop, zilihitaji kioo cha mistari takriban 24,000, na mstari mmoja ukawa na maikrosekunde kama 42 badala ya 63.5. Fundi aliyebadilisha kioo bila kuzingatia tofauti hiyo alikosa picha kabla hata ya kufikiria bunduki.

Kuelekea mwisho wa mwaka 2007, televisheni za kioo bapa za aina ya LCD zilizidi zile za chogo kwa mauzo duniani, na bunduki za nuru zikapoteza vitu viwili kwa mpigo mmoja. Kwanza zilipoteza nukta inayokimbia. Katika LCD, taa iliyo nyuma ya kioo humulika wakati wote, na kila pikseli, yaani kila chembe ya picha, hushikilia rangi yake mpaka ipewe nyingine, hivyo jicho lililozoea kusubiri mmuliko mfupi huona mwanga usio na mwanzo wala mwisho. Pili zilipoteza uwiano wa wakati kati ya bodi na kioo. Televisheni bapa huipokea picha, huihifadhi, huibadilisha ukubwa na kuirekebisha rangi kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo huchukua muda ambao katika televisheni nyingi hufikia makumi ya milisekunde. Muda wa milisekunde 30 haumsumbui mtazamaji wa mpira, lakini ndani yake televisheni ya chogo ingekuwa imekwisha kufagia mistari zaidi ya 470, ambayo ni karibu picha mbili kamili za mchezo wa zamani. Bodi ya Duck Hunt inapouliza kama bunduki imeona weupe, weupe huo bado haujafika kwenye kioo. Kudai kwamba bunduki ya zamani ni mbovu kwa kuwa haifanyi kazi kwenye televisheni mpya ni kuihukumu kwa swali ambalo haijawahi kuulizwa.

Si mashine zote za kulenga zilizokumbwa na msiba huo. Terminator 2: Judgment Day wa Midway, wa mwaka 1991, ulitumia bunduki zilizofungwa juu ya egemeo kwenye sanduku la mashine, na kila zilipozungushwa ziligeuza potenshiomita, yaani kipimo cha umeme kinachobadilika kwa mzunguko, ambacho kiliieleza bodi pembe ya bunduki. Bunduki hizo hazina macho na wala hazikiangalii kioo, kwa hiyo kioo kikibadilishwa zinahitaji kusawazishwa tu. Uhuru wa kuishika silaha mkononi na kusimama popote, ambao bunduki ya nuru ilimpa mchezaji, ndio uliogharimu utegemezi wake kwa bomba la chogo.

Jibu la kibiashara lilitoka kwa Nintendo yenyewe. Mwaka 2006 mashine ya Wii iliuzwa ikiwa na kidhibiti cha mkononi chenye kamera ndogo ya infraredi, mwanga usioonekana na macho ya binadamu, na kijiti cha taa za infraredi kilichowekwa juu au chini ya televisheni. Wengi walidhani kijiti hicho ndicho kinachohisi, kumbe kilikuwa taa tu. Jicho lilikuwa mkononi mwa mchezaji, nalo lilipima taa hizo zimeonekana upande gani wa picha yake, kisha mashine ikakokotoa mkono umeelekea wapi. Mwaka uliofuata Namco ilifuata njia hiyo hiyo kwa Time Crisis 4 ya PlayStation 3, ambayo bunduki yake ilitegemea taa mbili za infraredi zilizowekwa juu ya televisheni. Wakati haukuwa tena kipimo cha mahali. Kioo kiliachwa kionyeshe picha kwa namna yoyote kitakayo, na shabaha ikatafutwa kwa jiometria.

Kutoka hapo kazi iliangukia mikononi mwa mafundi wa kujitegemea, na hapa ndipo historia hii inapopata utajiri wake. Programu ya MAME, iliyoanza mwaka 1997 na ambayo huigiza kwenye kompyuta bodi za mashine za kumbini, ilikuwa imekwisha kuiokoa michezo yenyewe, lakini mchezaji alibaki akilenga bata kwa kipanya. Kampuni ndogo ya Ultimarc ilitoa bunduki ya AimTrak, iliyotumia kijiti cha infraredi kama cha Wii na kujitambulisha kwenye kompyuta kama kipanya. Taa za upande mmoja wa kioo zina udhaifu wa kihesabu, kwa maana nukta mbili haziwezi peke yake kumtofautisha mchezaji aliyesogea pembeni na yule aliyegeuza mkono, hivyo risasi hupotea kila anapobadili mahali pa kusimama. Kuelekea mwaka 2020 mradi wa Gun4IR uliondoa udhaifu huo kwa kuweka vyanzo vinne vya infraredi kukizunguka kioo, kwa kuwa nukta nne zinazojulikana zatosha kukokotoa umbo lote la kioo jinsi linavyoonekana kutoka pembe yoyote. Bodi ndogo ya jamii ya Arduino pamoja na kamera hutiwa ndani ya ganda la bunduki ya zamani, kifyatulio chake kikaunganishwa upya, na silaha iliyokuwa kipofu ikarudi kulenga kwa mtutu wake, bila alama ya kuongozea kwenye kioo.

Njia nyingine ilitoka Uingereza, ambako Andy Sinden alikusanya fedha kwa umma mwaka 2019 ili kutengeneza bunduki isiyohitaji taa yoyote ya ziada. Ndani ya mtutu wake mna kamera ya kawaida, na programu huzungushia mchezo fremu nyeupe. Kamera huitambua fremu hiyo ya pembe nne na kutoka kwake hupata mahali palipolengwa. Kwa namna fulani hapa shabaha imerudi kutoa nuru yenyewe, kama ilivyokuwa kwenye bomba la kathodi, ila jicho sasa linaangalia umbo badala ya saa. Gharama yake ni fremu inayoonekana muda wote na kompyuta inayopaswa kuchambua picha za kamera.

Masuluhisho haya yote yanaipendelea kompyuta. Kazi ngumu kuliko zote ni ile ya mashine halisi, yenye bodi yake ya mwaka 1994 inayosubiri pigo la umeme litoke kwenye bunduki katika maikrosekunde inayostahili, na ambayo haijui lolote kuhusu kamera. Kanuni ya kuitatua ni kuidanganya bodi kwa heshima. Ishara ya picha hupitishwa kwenye kifaa kidogo cha kutenga ulandanishi, kama saketi iitwayo LM1881, ili mapigo ya kuanza mstari na kuanza picha yapatikane. Kamera ya infraredi hutoa mahali palipolengwa, tuseme mstari wa 120, robo tatu ya upana. Kompyuta ndogo iliyowekwa kati ya bunduki na bodi husubiri pigo la kuanza picha, huhesabu mistari mpaka 120, husubiri tena sehemu ya mstari, kisha hutuma pigo lilelile ambalo jicho la zamani lingelituma kama nukta ing'aayo ingekuwa imepita. Bodi hupokea ushahidi wa mwali ambao haupo. Kucheleweshwa kwa picha hakuna nafasi tena katika hesabu hiyo, kwa sababu pigo linafuata saa ya bodi, na kuchelewa kunabaki kuwa suala la macho na mkono wa mchezaji. Kwa Duck Hunt na jamii yake, ambayo huuliza weupe na wala haipimi muda, wapo waliochagua njia nyingine ya kubadili programu ya mchezo ili isubiri zaidi kabla ya kuuliza, pamoja na kuiondolea bunduki kichujio cha mapigo 15,000, ingawa muda wa kusubiri hutegemea televisheni iliyopo na haulingani kutoka moja hadi nyingine.

Kati ya njia hizi, zile zinazoongeza kifaa kati ya bunduki na bodi bila kukata waya wa asili zinapaswa kupewa heshima kubwa kuliko zile zinazotupa jicho la zamani ili kupata nafasi ya kamera. Ganda la bunduki na fotodiodi yake, yaani lile jicho la nuru, pamoja na saketi ya kichujio, ni ushahidi wa namna watu wa kizazi kimoja walivyotatua tatizo gumu kwa vifaa vichache, na ushahidi huo hauna nakala. Mchezo unaweza kuchezwa vizuri kwenye kioo bapa, na ni jambo jema kwamba unaweza, maana mashine isiyochezwa huoza upesi. Hata hivyo hakuna kamera inayoweza kumwonyesha mwanafunzi wa uhandisi wa kesho jinsi nukta moja ya nuru ilivyokuwa saa na ramani kwa wakati mmoja. Hilo huonekana kwenye bomba la kathodi peke yake, na bomba hilo lina umeme wa maelfu ya volti na glasi yenye madini ya risasi ndani yake, kiasi kwamba ni fundi aliyelizoea tu awezaye kulitunza bila hatari.

Mafundi wa namna hiyo bado wapo. Katika Afrika Mashariki, ambako televisheni za chogo zilidumu majumbani kwa miaka mingi baada ya kuachwa kwingineko, wapo mafundi wazee waliojifunza kwa mikono yao kurekebisha mfagio wa mistari, kubadilisha transfoma ya umeme mkubwa na kurudisha rangi zilizofifia, na maarifa yao hayajaandikwa ipasavyo. Wakati ungalipo wa kukaa nao, kuwauliza na kuandika wanachokijua, na mwenye televisheni ya chogo inayowaka bado anaombwa asiipeleke jalalani kabla ya kumtafuta mtu anayeihitaji.